Posa Isiyorudiwa

Jumatano, 2 Oktoba 2024

Makambako! Barua ya uhamisho imekuja leo. Meneja wetu Aidan aliniita ofisini, akafunga mlango kama mtu mwenye taarifa ya msiba, kumbe anachekelea. "Madam Walburga, hongera, hii ni opportunity." Opportunity ipi? Nitauza mbolea ileile, kwenye mifuko ileile, nikijibu swali lilelile — hii ya kupandia au ya kukuzia? — ila sasa nitajibu huku nimeshikilia sketi kwa ajili ya upepo. Niripoti Jumatatu, tarehe nne Novemba.

Nikasema asante. Aidan ana umri wa mdogo wangu wa mwisho. Anavaa tai mwezi wa kumi, Songea, kwenye duka linalonuka dawa ya magugu. Halafu huyo ndiye anayeamua mimi nikalale wapi.

Kinachoniuma si Makambako. Ni filamu. Zimebaki sini tatu, na ile ya posa ndiyo uti wa mgongo: binti anaposwa mbele ya wazee wake, anakubali, kesho yake alfajiri anapanda basi na kupotea. Basi. Hakuna jini. Hakuna jumba la kukodi lenye makochi meupe. Hakuna mtu anayezabwa kofi likarudiwa mara tatu ili tulione vizuri. Filamu ya watu wenye akili zao, nimeiandika mwenyewe, kwenye kaunta, katikati ya wateja.

Nimeshaanza filamu tatu kabla ya hii. Ya kwanza ilikufa na kompyuta. Ya pili mwigizaji aliolewa Mbinga. Ya tatu nilichoka tu. Nikihama hii haijaisha, haitaisha. Najijua.

Jumamosi, 5 Oktoba

Ruhuwiko, sebuleni kwa dada yake Beda, mpiga kamera wangu. Siku ya hovyo kuliko zote.

Noela, mwigizaji wangu mkuu, nyota wangu, kaja na rasta nyekundu. Nyekundu! Wiki iliyopita alikuwa na twende kilioni nyeusi. Kwenye filamu ni siku hiyohiyo, saa hiyohiyo, anatoka jikoni kuingia sebuleni. Nikamuuliza, Noela, jikoni kulikuwa na saluni? Ati, "Kwani dada, watu wataona?" Wataona, Noela. Watu wana macho. Wewe ndiye huna.

Halafu "wazee". Beda aliahidi wazee. Kaleta vijana wawili wa stendi waliobandikwa ndevu za pamba. Wanakohoa. Kila mzee kwenye filamu za nchi hii lazima akohoe na atetemeshe fimbo, utafikiri uzee ni malaria. "Tumepita hapa, tukaona ua zuri bustanini..." Ndevu za mmoja zikadondokea kwenye soda. Nikasema basi, kaleni, nendeni.

Na Saimon. Sijaandika juu ya Saimon wiki hii kwa sababu ya kulinda afya yangu. Saimon ni fundi wa kuchomelea. Agosti alikuja kutengeneza geti la kwao Beda, mimi nilikuwa nimekosa mwanaume wa kuigiza mposaji, nikamchukua kama mtu anavyochukua embe la mwisho sokoni. Anafika mapema, anakaa kwenye ndoo ya rangi, anasubiri. Anabeba viti bila kuambiwa. Nikimwambia usitazame kamera, anasema "Sawa," halafu anaitazama. Nikimwambia uwe mkali kidogo, "Sawa," anatabasamu. Shati la pinki. Sijawahi kuona mtu mwenye "sawa" nyingi kiasi kile na kisiwepo kitu nyuma yake.

Jumapili, 6 Oktoba

Meseji ya Noela wakati wa mahubiri. Mchumba wake hataki aigize kuposwa na mtu mwingine. Kaongeza emoji ya kulia.

Mchumba ana wivu na Saimon! Kuna watu wanatafuta presha kwa tochi.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimeamua. Nitaigiza mwenyewe. Nina miaka thelathini na saba, binti kwenye filamu ana ishirini na tano. Nitavaa kitenge na kutazama chini, mwanga wa Beda ni mbovu kiasi kwamba haitajulikana ni mtu wa miaka mingapi.

Na wazee nataka wa kweli. Sitaki pamba tena. Nimempigia Shangazi Suzana kule Madaba, nikaomba yeye na Baba mkubwa Makarius wanifanyie posa kama inavyofanywa. Baba na mama hawapo, hao ndio wakubwa wangu. Nimemweleza mara tatu, "Shangazi, ni igizo." Kaniambia, "Nimeelewa mwanangu, igizo. Mtakuja wangapi? Mnakula kuku?" Baba mkubwa naye akapewa simu. Shikamoo, marahaba. Akauliza mwanaume ni wa kwa nani. Nikamtajia ukoo wa Saimon. Akasema anawafahamu, ni watu wa kulima. Akauliza kama ataleta mjomba wake. Nikasema ataleta.

Saimon kasema sawa, na mjomba wake, Mzee Leo, kasema sawa. Ukoo mzima wa sawa.

Kazini: Aidan kanikuta naandika sini chini ya kaunta. "Madam, tuwe focused." Mteja alikuwa mmoja, amelala kwenye benchi.

Jumatatu, 14 Oktoba. Sikukuu

Nimerudi kutoka Madaba, mwili umejaa vumbi, na sijawahi kuridhika hivi tangu nianze upuuzi huu wa filamu. Niandike vizuri.

Tulikodi Noah. Mimi, Beda, Saimon, Mzee Leo na ndugu zake wawili waliovaa makoti ya kwenda misa. Kwetu posa huja na jembe, na mimi nilikuwa nimebeba langu la kuigizia, la zamani, lenye mpini. Mzee Leo akaliona, akacheka mpaka akafuta macho. Jembe la posa ni jipya, na halina mpini! Na wao walikuja na lao, limefungwa kwenye khanga. Nikafurahi — jambo dogo kama hilo nani angelijua? Vijana wa stendi?

Wageni waliachwa nje kwanza. Baba mkubwa aliwaacha wakae kwenye benchi la barazani muda mrefu, hana haraka, anaongea na mbuzi. Beda akaninong'oneza, "Dada, betri." Nikamwambia akae kimya. Walipoingia hawakusema habari za ua wala bustani. Waliongea mvua. Waliongea ng'ombe fulani aliyevunjika mguu mwaka sijui gani. Halafu Mzee Leo akaweka lile jembe sakafuni, akasema, "Tumelileta hili. Kama kuna shamba." Basi. Nilisisimka.

Baba mkubwa hakuligusa. Alisimama. Nilikuwa nimemwandikia maneno, nikampa na karatasi. Karatasi aliikunja akaitia mfukoni. Akataja babu yangu, bibi yangu, halafu akamtaja baba. "Valence, mtoto wako Walburga ameombwa leo. Usije ukasema hatukukuambia." Binti kwenye filamu anaitwa Jesika, lakini nikasema moyoni jina nitalifuta kwenye kuhariri. Macho yalijaa machozi, na kichwani nikawaza: nzuri, hii itaonekana vizuri.

Shangazi akanishika mkono. Unawafahamu hawa? Nikasema nawafahamu. Tupokee? Nikasema pokeeni. Sauti ilitetemeka yenyewe. Hatimaye kuna mtu anaigiza kwenye filamu hii! Vigelegele. Shangazi akaliinua jembe, akaingia nalo chumbani.

Hata Saimon! Kwa mara ya kwanza hakutazama kamera. Alitazama sakafu muda wote, mikono magotini. Baadaye nilimsifu. Akasema sawa.

Tukala ugali, kuku, na likolo, mboga ya majani ya kunde, ambalo nimelisahau ladha yake siku nyingi. Mzee Leo kanywa pombe ya komoni na Baba mkubwa mpaka wakaanza kuitana shemeji. Wanaigiza hata wakila, nikasema moyoni. Kipaji kimepotea bure vijijini.

Jumanne, 15 Oktoba

Hakuna sauti.

HAKUNA SAUTI. Beda hakuwasha maiki. Niliona kabisa ana kitu masikioni, nikajua anasikiliza maiki. Alikuwa anasikiliza mpira! Kwenye redio ya simu! Kwenye kamera kuna sauti kidogo, ndiyo: jogoo, na Beda anapumua, na mahali pale Baba mkubwa anapomtaja baba, Beda anasema taratibu, "Ah, kakosa huyu."

Nimemtukana mpaka nikaishiwa. Kaniambia, "Dada, si turudie tu?"

Sawa. Kurudia si kosa. Watu wanarudia sini mara ishirini. Nitawaomba.

Jumatano, 16 Oktoba

Kabla ya kuwasumbua wazee, tumejaribu kuingiza sauti juu ya picha. Beda kasoma maneno ya Baba mkubwa kwa sauti nzito. Baba mkubwa mdomo unafunga, sauti inaendelea. Na ile sauti! "Valence, mtoto wako ameombwa leo" — utafikiri anatangaza ofa ya magodoro.

Nimefuta. Jumapili naenda Madaba.

Jumapili, 20 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Nianze na sukari: nilipeleka kilo mbili na sabuni, kwa adabu zote. Mimi na Beda tukamkuta Baba mkubwa barazani, katoka misa, bado ana viatu. Shikamoo Baba mkubwa. Marahaba mwanangu. Nikamweleza, kuna hitilafu ndogo ya mitambo, tunaomba turudie lile tukio, safari hii fupi tu, nusu saa.

Akaniuliza, "Turudie nini?"

Nikasema, ile posa.

Akanitazama kama nimemwambia nataka kubatizwa upya. "Mtoto anaposwa mara mbili na mtu huyohuyo? Jembe liko ndani. Watarudi kuleta lingine la nini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamkumbusha kwamba ni igizo, nilisema igizo, nilisema mara tatu. Shangazi akadakia kutoka ndani, "Siku hizi posa gani haina kamera?" Nikasema si kamera, Shangazi, mimi nilikuwa naigiza!

Baba mkubwa akasema taratibu, na nanukuu kama alivyosema, maana nimeyarudia kichwani njia nzima: "Wewe uliigiza. Nilikusikia vizuri kwenye simu, nikasema vijana wa siku hizi wanaona aibu, wanalipitisha jambo kwa njia ya igizo, haya. Lakini mimi sikuigiza. Nimesimama nikamwambia ndugu yangu aliyekufa kwamba binti yake ameombwa. Sasa nikamwambie nini? Kwamba nilikuwa natania?"

Nilitaka kujibu. Nikajikuta nasema shikamoo tena. Sijui kwa nini! Beda kacheka, nikamkanyaga mguu.

Nikamwuliza, kwa hiyo mimi ni mchumba wa Saimon? Akasema hajui neno gani tunalitumia mjini. Nikasema, "Baba mkubwa, mimi simtaki Saimon! Simtaki! Yule ni fundi wa mageti!" Limetoka bila shida, sauti ya kufika kwa majirani. Akasema, "Huniambii mimi. Mimi sikuja kukuposa. Wanaitwa waliokuja, wanakaa pale walipokaa, unalichukua jembe kwa mkono wako unawarudishia, unamwambia mwenyewe mbele ya watu: simtaki huyu. Hapo limekwisha, hakuna ugomvi. Maji ukiyavulia nguo, mwanangu."

Wazee! Unawapa karatasi ya maneno manne, wanakupa mchumba.

Baadaye, bado siku hiyohiyo. Nimefika nyumbani na nina wazo, na ni wazo zuri kuliko yote niliyowahi kuwa nayo. Kwa nini turudie posa? Binti hahitaji kupanda basi alfajiri kama mwizi. Anarudisha jembe! Mbele ya kamera, mbele ya pande zote mbili, wazee wa kweli, maneno ya kweli, maiki nimeiwasha mwenyewe. Posa isiyo na sauti inakuwa mwanzo, picha tupu na vigelegele vya kuongeza. Kisha kukataa ndiyo sauti ya kwanza ya binti kwenye filamu nzima. Tukio moja tu na nimemaliza. Tarehe mbili Novemba kenta ya mizigo yangu inapita hapohapo Madaba kwenda Makambako. Nasimama, nakataa, naondoka. Filamu inaisha na mimi nimehama.

Kuna watu wanasomea hii kazi Ulaya na hawapati wazo kama hili.

Jumatatu, 21 Oktoba

Shangazi kashaiambia jumuiya nzima ya kanisa, na jumuiya haina mipaka ya wilaya. Leo mteja wa Madaba kafika kaunta kununua mbegu, kanipa mkono kwa mikono miwili: "Hongera bi harusi." Aidan kasikia! Kufika saa nne kuna kundi la WhatsApp, kamati ya harusi, mwenyekiti ni yeye. "Madam, umekuwa kimya sana, kumbe unatuficha." Nimesema ni filamu. Akasema, "Yes yes, tutahitaji na video."

Watu hawa kuolewa kwangu kumewafurahisha kuliko miaka tisa ya kazi yangu. Miaka tisa hakuna aliyewahi kunipa mkono kwa mikono miwili.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimeenda karakana kwa Saimon kumweleza mpango. Nilimkuta na miwani ya kuchomelea, cheche zinaruka, akazima mashine mara moja akanifutia kiti kwa shati lake. Shati la pinki. Ndilo la kazi, kumbe. La kuigizia analifua.

Nikamwuliza wazi: ulijua? Ulijua kwamba wazee wanaifanya kweli?

Kafikiri. Mtu anafikiri kama anapima bomba. Kasema alijua wazee hawawezi kuigiza.

"Na hukuniambia?"

"Ulisema tusiongee wakati wa kazi, Dairekta."

Nilitaka kumpiga kwa bomba. Nikamwambia basi, tarehe mbili tunakwenda kuvunja. Nitarudisha jembe, nitasema simtaki, Beda atapiga picha, wewe huna la kusema, kaa tu, usitazame kamera. Mjomba wako aje na wale ndugu wawili, wakae palepale.

Kasema, "Sawa."

Sawa! Mtu anaambiwa atakataliwa mbele ya ukoo wake, na itaonyeshwa kwa watu, anasema sawa, anauliza wavae yale makoti? Nikamwambia ndiyo, yale makoti. Akauliza kama kule Makambako nimepata nyumba yenye grili madirishani, maana pana upepo na wezi. Nikasema hayo hayakuhusu. Akasema sawa.

Mwanaume angekasirika kidogo. Ningemheshimu. Nimerudi kwa miguu mpaka mjini, nimesahau kupanda boda, hasira tu.

Jumatano, 30 Oktoba

Kufungasha. Nimeishi nyumba hii miaka saba na mali yangu yote ni vyombo, godoro, friji na waya za kamera ambazo sijui ni za kamera gani.

Sherehe ya kuniaga dukani. Soda, keki, hotuba ya Aidan, dakika arobaini, Kiingereza nusu. "Walburga is a pillar." Nguzo haihamishwi, Aidan. Zawadi: saa ya ukutani. Kila anayeagwa Songea anapewa saa ya ukutani. Halafu akasimama yule mama wa stoo ambaye hajawahi kusema kitu, akasema ananiombea nyumba yangu mpya iwe na watu. Wakapiga makofi. Nilikula keki haraka ili mdomo uwe na kazi.

Nimefanya mazoezi ya mstari wangu mbele ya kioo. "Simtaki huyu." "Huyu simtaki." Wa pili una nguvu. Nimeusema mara nyingi, kwa sauti mbalimbali. Uko tayari. Maiki imechajiwa. Beda kaahidi kunipa simu yake niishike siku hiyo nzima, redio hakuna.

Jumamosi, 2 Novemba

Naandika nikiwa stoo kwa Shangazi, nimekalia gunia la mahindi. Daftari lilikuwa kwenye mkoba, mkoba ulikuwa begani. Nimewaambia watu naenda msalani.

Niandike haraka. Kila kitu kilikwenda sawasawa! Kenta imesimama barabarani na kitanda changu juu, dereva amekubali kusubiri. Tumefika, wageni wako tayari: Mzee Leo na ndugu zake wawili, makoti yaleyale, wamekaa palepale. Hawakununa. Ningefurahi wangenuna. Mzee Leo kanipa mkono, kanipa pole ya safari. Saimon kavaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Nikasema moyoni, huyu kavalia kukataliwa kama anakwenda Komunyo ya Kwanza.

Maiki nimeiwasha mwenyewe. Nimeisikiliza mwenyewe. Jogoo kafungiwa. Mwanga wa dirishani mzuri sana, unamkuta Baba mkubwa shavuni. Beda kasema tayari. Nikasema haya.

Shangazi kaleta jembe, bado limo kwenye khanga yao. Kanikabidhi bila kunitazama. Zito kuliko nilivyodhani. Baba mkubwa kasimama, kasema kwa kifupi kwamba binti ana neno, na neno la binti linasikilizwa, na atakayekasirika akasirike nje. Halafu, "Sema, mwanangu."

Nikaenda mpaka mbele ya Saimon. Hatua zangu, kimo changu, kila kitu kama nilivyokiandika. Nikafungua mdomo.

Saimon akainua kichwa. Hakutazama kamera. Alinitazama mimi, akaona nimekwama, na akaniitikia kwa kichwa, hivi, taratibu. Ananipa moyo! Ananipa moyo niseme! Mtu anamsaidia mwanamke amkatae vizuri, asikosee mstari!

Na mstari haukutoka.

Mimi! Mimi niliyemtukana kwa maandishi tangu Agosti, kurasa kwa kurasa, shati lake, meno yake, ndoo yake ya rangi. Niliyempigia Baba mkubwa kelele mpaka majirani wakasikia. Maneno mawili tu, nimeyafanyia mazoezi kwenye kioo, na nimekwama kama Noela siku ya kwanza. Nilihisi aibu, si yake, yangu, sijui ya nini. Nikasikia Beda anameza mate. Nikasema, "Samahani, naomba nitoke kidogo." Nikapita jikoni, nikaingia humu.

Nimeapa nitarudi nikaseme. Navuta pumzi tu. Ni mstari mmoja. Mwigizaji yeyote anakwama.

Dereva anapiga honi. Beda kaja mlangoni, kasema kadi ya kamera inakaribia kujaa, azime? Nimemwambia asizime. Akabaki ananitazama mapajani. Nikamwuliza, nini tena? Akanyoosha kidole.

Jembe. Nimetoka nalo. Nilipaswa kuliweka miguuni pao, nami nimelikumbatia nikapita nalo mbele ya watu wote, nikaingia nalo ndani kwetu.

Sebuleni namsikia Baba mkubwa anawauliza wenzake, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli: "Sasa hii tuihesabu kuwa nini?"